Nje Msiba, Ndani Harusi

Uchovu wa mwili ukiulaza, asubuhi unaukuta umepungua. Uchovu wa kungoja ukiulaza, unaamka kabla yako na kukukalia kifuani.

Jumamosi ile Dobi alikuwa nao wote wawili. Alitoka kazini mchana, kule wanakofua mashuka ya hospitali, vidole vimejikunja kwa maji, masikio bado yanavuma kwa kelele za mashine. Akapita sokoni akanunua fungu la bitiruti pamoja na majani yake. Chini ya kwapa alibeba sufuria ya marehemu mama yake, maana hakuna sufuria nyingine aliyoiamini. Kisha akapanda ngazi mpaka juu kabisa, kwa kuwa jengo alilokaa mama yake Fundi halikuwa na lifti. Majirani walikuwa na mzaha wao juu ya jambo hilo. Fundi ndiye aliyetengeneza lifti za majengo makubwa yote, akipandisha watu kutwa, na jioni akirudi kwao hupanda kwa magoti yake.

Fundi alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alikuwa amenyoa ndevu. Dobi aliliona hilo kwanza, halafu akaona macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umechoka," Fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Na wewe umechoka."

"Mimi nimezoea. Nipe hiyo sufuria."

Alipoipokea, vidole vyake vilikaa juu ya vidole vya Dobi kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kidogo hicho ndicho walichokuwa wakiishi nacho, mwaka wa nne huu. Wenzao walioanza pamoja walishakuwa na watoto wanaokimbia. Wao walikuwa na mlangoni, na kwenye ngazi, na kwenye kituo cha basi. Fundi hakutaka kuoa bila radhi ya mama yake, na radhi ya mama haighushiwi. Ama ametoa, ama hajatoa.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa jikoni, kiti chake kimeegemea friji, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umetuletea udongo."

"Bitiruti, mama. Leo napika mimi, wewe pumzika."

"Nipumzike kwa kazi gani niliyofanya? Wa kupumzika ni wewe. Uso umekushuka kama shuka la juzi."

"Mama," Fundi akasema.

"Nini? Si mtu wa mashuka? Nimemsemesha kwa lugha yake."

Dobi akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kununa. Akafungua bomba, akaanza kuzisugua bitiruti kwa kiganja, moja moja, udongo ukitoka mweusi, maji yakishuka taratibu. Majani akayakata akayaweka kando. Vikia vya mizizi akaviacha, na juu akaacha vishina vifupi kama kidole gumba. Sufuria ilibeba nne. Mbili zilizobaki akazirudisha kwenye mfuko, akautundika nyuma ya mlango.

Bitiruti ni chakula cha mtu aliyechoka. Hakidai usimame, hakidai ukoroge, hakiungui ukikigeuzia kisogo. Unaosha, unafunika kwa maji, unawasha moto, unakaa. Mama yake Dobi, aliyekuwa akifua nguo za watu kwa mkono, alizipika siku ambazo mgongo ulikataa kunyooka, na mpaka leo Dobi akisikia ile harufu ya udongo mtamu ikipanda na mvuke, mabega yake hushuka yenyewe.

"Humenyi?" Bi Mkubwa akauliza.

"Namenya zikishaiva, mama."

"Na huo mkia?"

"Nao unabaki. Ukiukata sasa, bitiruti itamwaga rangi yote majini, halafu utakula kitu cheupe kisicho na ladha."

Bi Mkubwa akarudi kwenye mawe yake. Aliwahi kuzipika mara moja, zamani, akazimenya vizuri kama viazi, na zilipoiva zikatoka zimepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Tangu siku hiyo alisema bitiruti ni chakula cha sungura. Hakuona sababu ya kulieleza hilo sasa.

"Tutangoja sana?" akauliza.

"Sana kidogo."

"Basi tusikae kama mabubu. Kitendawili."

Fundi alimtazama Dobi, na mtazamo wake ulisema pole. Nyumba ile ilikuwa na mchezo mmoja, na mchezo huo ulikuwa na bingwa mmoja. Mnajua vitendawili vinavyokwenda. Anayeshindwa kujibu hutoa mji, na aliyetega huuchukua ule mji ndipo atoboe jibu. Bi Mkubwa alikuwa amepokea miji ya watu wote aliowahi kukaa nao, na yeye hakuwahi kutoa hata mmoja. Marehemu mumewe alilalamika mpaka anaingia kaburini kwamba katika ndoa yake yote hakupewa hata kijiji.

"Tega," Dobi akajibu.

"Anakunywa maji hashibi, anazunguka hafiki."

"Mashine ya kufulia."

"Au anayeiendesha," Bi Mkubwa akasema, akatupa jiwe dogo la mchele dirishani.

Lile jiwe halikumpata Dobi, lakini neno lilimpata. Anazunguka hafiki. Alikaza macho kwenye mfuniko uliokuwa ukitetemeka juu ya sufuria.

"Mimi nami nina changu," akasema. "Kitendawili."

"Tega."

"Nje msiba, ndani harusi."

Bi Mkubwa akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama dari. "Subiri."

"Unatoa mji, mama?" Fundi akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na uhai.

"Nani katoa mji? Nimesema subiri. Hata chakula hakijaiva, mnaniharakisha kama karani wa benki."

Zilipoiva, Dobi alizimwagia maji ya baridi juu, na maji mekundu ya sufuriani akayahifadhi kwenye jagi. Fundi alikunja mikono ya shati akaja kusimama pembeni yake. Ukiibana bitiruti iliyoiva kwa vidole gumba, ganda linateleza lenyewe kama soksi. Walizimenya pamoja kwenye sinki, mabega yakigusana, na mikono yao minne ikawa ya rangi moja, zambarau ya kung'aa, hata Dobi alipotazama chini hakujua kwa haraka kidole kipi ni chake.

"Ungekuwa wangu, ningemenya kila siku," Fundi akanong'ona.

"Kila siku ungechoka."

"Basi ningechokea nyumbani."

Dobi akajifanya anatafuta kisu.

Mbili aliziacha sufuriani, mbili akazikata duara nyembamba, akazipanga kwenye sahani, akanyunyiza chumvi, akakamua ndimu, akatia kitunguu kilichokatwa na mafuta kidogo. Majani akayakaanga kwa kitunguu saumu. Mkate ulikuwepo. Walikula pale pale jikoni, mezani hapakuwa na nafasi ya viwiko.

Bi Mkubwa alianza kwa kipande kimoja, akakitafuna kama anayeonja dawa. Akachukua cha pili. Akavuta sahani karibu. Alipomaliza alipakua tena bila kuulizwa, akapangusa mchuzi mwekundu kwa mkate mpaka sahani ikabaki na maua yake tu.

"Mama, umepaka rangi ya mdomo," Fundi akasema.

"Acha utoto." Lakini alipitisha ulimi kwenye midomo, polepole, na macho yake yakamwendea Dobi, yakakaa. Yalikuwa macho laini. Fundi aliyaona, akadhani mlango umefunguka. Hapo ndipo alipokosea, maana mwenye tumbo lililoshiba hulainika macho, moyo ukabaki vile vile.

"Mama," akasema, "tuna neno lile lile."

"Nalijua." Bi Mkubwa akaweka uma chini. "Chakula kitamu. Binti, nakushukuru, na mikono yako Mungu aibariki. Lakini radhi sina."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Anashika mashuka ya wagonjwa kutwa. Mimi simtaki mtu anayeingia nyumbani na magonjwa ya watu nisiowajua."

"Yanachemshwa, mama," Fundi akasema. "Nimekueleza."

"Umenieleza. Nami nimekujibu."

Dobi alisimama, akakusanya sahani. Hakulia. Aliziosha zote, akazisuuza, akazipanga kavu, kwa mazoea tu, kama mtu anayekamilisha zamu. Kisha akaaga kwa adabu, akashika ngazi.

Fundi alimfikia ghorofa ya pili.

"Ngoja, Dobi."

"Nimengoja."

"Nitazungumza naye tena."

"Utazungumza. Na mimi nitapika tena, na yeye atakula tena." Aliegemea ukuta. Taa ya ngazini ilikuwa imekufa na mwanga wa mchana uliingia kwa dirisha dogo, ukamwangukia kwenye shingo. "Unajua mtu aliyekwama kwenye lifti anavyofanya? Wewe ndiye uliyenihadithia. Mwanzoni anabonyeza kila kitufe. Halafu anapiga kelele. Halafu anakaa chini. Mimi nimefika pa kukaa chini."

"Mimi huwa nafika. Hao waliokwama, huwa nawafikia."

"Wao huwa unawafikia."

Fundi alimsogelea. Akautwaa mkono wa Dobi, ule mwekundu, akauweka kwenye shavu lake.

"Niambie tu nikuoe bila radhi yake," akasema. "Niambie leo hii."

"Ningekuambia, ungenioa. Najua. Na siku mtoto wetu wa kwanza akishikwa na homa, ungeangalia dirishani, ukasema moyoni, ni mama, hakutupa radhi. Sitaki kuliona hilo dirisha." Akautoa mkono wake taratibu. "Kesho asubuhi nitapita kuchukua sufuria yangu, ina zile zilizobaki, nimeziacha zipoe. Baada ya hapo usinifuate."

"Unarudi kwa ajili ya sufuria?"

"Ni ya mama yangu. Siachi kitu cha mama yangu kwenye nyumba isiyonitaka."

Akashuka. Fundi alibaki pale amesimama, shavu lake limechorwa vidole vitano vya zambarau, na jirani aliyepanda na ndoo alimtazama akapita bila kuuliza.

*

Asubuhi aliyefungua mlango alikuwa dada yake Fundi, mtu mzima mwenye watoto na mume upande wa pili wa mji, kilemba kimekaa upande.

"Afadhali umekuja, wifi," akasema. Hakuwahi kumwita wifi kabla ya hapo. "Mama anakufa."

Dobi alishika fremu ya mlango. "Anaumwa nini?"

"Hasemi. Amenipigia simu alfajiri, ananiambia njoo uchukue cherehani. Mama huyu, ambaye hata sindano hajawahi kuniazima. Nikajua basi, amekwisha."

Fundi alikuwa amekaa sakafuni nje ya chumba cha mama yake, ndani ya ovaroli ya kazi, begi la zana limelala pembeni. Alipomwona Dobi alitaka kusimama, akarudi chini.

"Hospitali hataki," akasema. "Anasema hawezi kufia kwenye mashuka unayoyafua wewe."

Toka ndani ikasikika sauti, nyembamba lakini yenye amri.

"Ni yule wa sabuni? Aingie. Peke yake."

Chumba kilikuwa na pazia limefungwa. Bi Mkubwa alilala chali, shuka mpaka kidevuni, mikono juu ya kifua, amejipanga mwenyewe kama walivyopangwa wengine aliowaona. Cherehani ilishasogezwa karibu na mlango. Usoni hakuwa na jasho wala homa. Alikuwa na woga tu, na woga kwenye uso wa mzee una sura ya mtoto.

"Kaa hapa. Wewe damu unaijua."

"Naijua, mama."

"Ndiyo maana nakuambia wewe, hutapiga kelele. Hao wawili watapiga kelele." Akameza mate. "Alfajiri nimekwenda haja ndogo. Maji mekundu. Nikasema nimeota. Nikanywa maji, nikangoja, nikaenda tena. Mekundu."

"Unaumwa popote?"

"Siumwi. Ndiyo mbaya zaidi. Marehemu naye hakuumwa." Akamshika Dobi mkono, kwa nguvu. "Sikiliza, sina muda wa kuzunguka. Ile habari ya magonjwa ilikuwa maneno tu. Huyu mtoto ndiye wangu wa mwisho. Kila jioni nikisema kitendawili, yupo wa kusema tega. Nilijua ukimchukua nitakuwa nawategea kuta. Basi. Sasa mimi naondoka, na yeye ataniombolezea peke yake kwenye nyumba hii, hata chai hajui kupika. Mwite. Nitoe radhi nikiwa na pumzi."

Dobi alimtazama. Kwenye pembe ya ule mdomo, pale ambapo kitambaa hakikufika, palikuwa na alama ndogo ya zambarau.

Akaelewa kila kitu papo hapo.

Akainuka. Kutoka kitandani mpaka mlangoni palikuwa karibu, lakini alipatembea kama anayevuka uwanja. Akili yake ilikuwa imechoka, na akili iliyochoka husema mambo kwa upole sana. Ilimwambia, wewe hujadanganya. Hujasema lolote. Fungua tu huo mlango, mwite, nyamaza. Neno likishatoka halirudi. Kesho mama atakuwa mzima, atafurahi, nani atakulaumu? Alishika kitasa. Upande wa pili alisikia ovaroli ikisugua ukuta, Fundi anajaribu tena kusimama. Miaka yote ile ya ngazini na ya kituo cha basi ilikuwa nyuma ya ubao huu, na kitasa kilikuwa chepesi.

Akaubana mlango vizuri, ukaingia kwenye komeo. Akarudi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama. Jana nilipoondoka, ulikula nini?"

"Ndiyo maswali ya kumwuliza anayekufa?"

"Zile zilizobaki kwenye sufuria?"

Bi Mkubwa akageukia ukutani. "Ziliachwa peke yake. Nikazionea huruma."

"Zote?"

"Sikuzihesabu."

"Na yale maji ya kwenye jagi?"

Bi Mkubwa akajifunika shuka. Halafu, kwa sauti ndogo, "Yalikuwa matamu."

"Basi hiyo siyo damu, mama. Ni bitiruti. Wapo watu wakizila nyingi, rangi inapita nao mpaka mwisho. Mimi mara ya kwanza nilimwamsha mama yangu nikilia, nikamwachia urithi mwanasesere wangu. Ngoja mpaka kesho, maji yatakuwa safi. Yasiposafika, au ukiumwa popote, twende hospitali mimi na wewe. Mashuka ya kule ni safi, nayajua."

Bi Mkubwa alikaa kitandani. Alikaa haraka mno kwa mtu aliyekuwa akiaga dunia. Alitazama mikono yake, akatazama cherehani, akamtazama Dobi, na joto likampanda kutoka shingoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoona mdomo wako."

"Na mimi nilikuwa natoa radhi."

"Ulikuwa unatoa."

"Si ungeniacha niitoe?" Sauti ilitetemeka, na haikujulikana ni kwa hasira au kwa kingine. "Unaitaka au huitaki? Miaka unanipandia ngazi, leo nakuwekea mkononi unanirudishia?"

Dobi alijipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa na hamu ya kulala pale pale, miguuni pa mwanamke aliyemkataa.

"Madoa karibu yote yanatoka, mama," akasema. "Lisilotoka ni lililopigwa pasi kabla halijafuliwa. Likishapata moto, ndiyo basi, limekaa. Ningeichukua radhi yako leo kwa hofu, halafu ukapona, kila nikikupakulia chakula ungeniona mwizi. Nimechoka sana, lakini sijachoka kiasi hicho. Na hao huko nje sitawaambia ulichoniambia. Waambie mwenyewe unavyotaka."

"Toka," Bi Mkubwa akasema.

"Nachukua sufuria yangu."

"Ichukue."

Sufuria ilikuwa jikoni imefunikwa chini juu, imesuguliwa mpaka inang'aa, jinsi mtu anavyosugua kitu ambacho hataki kisimulie. Dobi akaiweka kwapani. Fundi alikuwa amesimama njiani.

"Amesemaje?"

"Mama yako mzima. Hana kitu. Amekula vibaya tu."

"Dobi."

"Mpe chai. Usiweke majani mengi." Akampita kwa kujibana ukutani ili wasigusane, maana wangegusana asingeshuka. "Kwaheri, Fundi."

Alishuka ngazi mpaka ghorofa ya pili, pale pale pa jana, ndipo aliposikia kandambili juu yake, halafu sauti.

"Wewe. Wa sabuni."

Akainua macho. Bi Mkubwa alikuwa ameinama juu ya reli kwa gauni la kulalia, nywele zake nyeupe wazi, Fundi na dada yake wamemshika huku na huku wakidhani ataanguka.

"Abee, mama."

"Jana umenitegea kitendawili, umeondoka bila jibu. Ndivyo ulivyofundishwa kwenu?"

"Nje msiba, ndani harusi." Dobi alibadilisha sufuria mkono. "Jibu unalijua, mama. Umelila."

"Nani kakwambia nalijua? Nimelifikiria usiku mzima." Akashusha pumzi, akanyoosha shingo, na kila neno lilimtoka kama jino. "Nimeshindwa."

Dada yake Fundi akamwachia mkono. "Mama, sasa nakubali unaumwa."

"Nyamaza wewe. Nimesema nimeshindwa. Mtu akishindwa hufanya nini?"

"Hutoa mji," Fundi akajibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Basi natoa mji."

Dobi alijua anachotakiwa kuuliza, mtoto mdogo anajua.

"Mji gani, mama?"

"Nina mingapi mimi? Mji wangu ni huu huu. Vyumba viwili, jiko la kugeuka kwa zamu, na fundi mmoja asiyeweza kujitilia lifti kwao. Uchukue. Ila ujue na mimi nimo ndani, sihami." Akapangusa pua kwa mkono wa gauni. "Na sina homa, wala hofu, wala siumwi. Wote mnanisikia. Natoa nikiwa mzima."

Dobi alitaka kusema ahsante. Badala yake akakaa kwenye ngazi, sufuria mapajani, na macho yakaanza kumwagika yenyewe, bila kilio, kama bomba lililochakaa. Fundi alishuka ngazi mbili mbili. Alipiga magoti ngazi ya chini yake, akamfungia mikono sufuria na yeye pamoja, na Dobi akaweka kipaji cha uso kwenye ule mkunjo wa shingo uliokuwa ukinuka grisi na sabuni. Kwenye shavu la Fundi vile vidole vitano bado vilionekana kwa mbali. Hakuvifua.

"Nimefika, Dobi," akamwambia sikioni. "Nimechelewa, lakini nimefika."

"Nilishakaa chini."

"Ndiyo. Nimekukuta."

Juu yao Bi Mkubwa alikohoa. "Rudisha hiyo sufuria jikoni. Nyuma ya mlango kuna mbili zimebaki, zitaharibika."

"Na cherehani, mama?" binti yake akauliza.

"Cherehani gani?"

*

Wakampa Dobi kile kiti kilichoegemea friji, kiti ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukikalia. Alisema atapika yeye. Alisema anapumzisha macho tu kidogo. Fundi alikaa chini, mgongo kwenye miguu yake, na mkono wa Dobi ukaanguka begani kwake ukabaki hapo, umefunguka, mzito.

Bi Mkubwa alizisugua bitiruti chini ya bomba, moja, na nyingine. Alichukua kisu akausogelea mkia. Akafikiri. Akakirudisha kisu kwenye droo, akazitia sufuriani kama zilivyo, na mkia wake, na kishina chake, akafunika, akawasha moto.

Mvuke ulipoanza kupanda na ile harufu ya udongo mtamu, Fundi aligeuza kichwa, akaona kope za Dobi zimeshuka na mdomo umeachama kidogo. Akanyoosha mkono kumgusa shavu.

"Usimwamshe," mama yake akasema, akavuta ndoo akaigeuza, akaikalia. "Bado hazijaiva."